Salamu ya Kipanga wa Saba

Kuna nchi ambazo watu huzifuata kwa dhahabu, nyingine kwa elimu, na nyingine kwa sababu mvua ya huko hunyesha kwa ratiba. Nchi ya Machoni watu huifuata kwa jambo moja tu: kuwaulizia waliopotea baharini. Raya binti Khatibu naye aliifuata kwa sababu hiyo. Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na vumbi, na mwishowe iliisha. Itoshe kujua kwamba kaka yake, Shaame, fundi wa pampu, aliondoka nyumbani na boti ya faiba, dumu la maji na sanduku la spana, kwenda kutengeneza pampu kwenye kisiwa cha mnara wa taa. Ilikuwa safari ya saa tatu. Siku ya saba, asubuhi, Raya alikuwa amesimama mbele ya lango lililochongwa maneno makubwa: MACHO HAYANA PAZIA.

"Shikamoo," alimwambia mlinzi.

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kwa sababu kaka yangu..."

"Umelalaje?"

"Sikulala. Kaka yangu amepotea ba..."

"Wazima huko utokako? Majirani? Mbuzi?"

"Wazima wote. Mzee wangu, nina haraka."

Mlinzi aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alihuzunika, kama ustadhi aliyesikia mluzi msikitini. "Binti," alisema, "mimi hujaniuliza mbuzi wangu."

Raya akauliza. Mbuzi walikuwa wazima, isipokuwa mmoja mwenye kikohozi, na kikohozi hicho kilichukua robo saa kuelezwa tangu kilipoanza. Baada ya mbuzi ikaja hali ya paa, kisha hali ya kisima, kisha shemeji.

Haikuwa dhihaka. Sheria ya Kwanza ya Machoni inasema kwamba salamu isiyojibiwa ni kosa la jinai, kifungo miezi sita. Sheria ya Pili inasema kwamba hakuna neno linaloweza kusikilizwa kabla salamu hazijakamilika. Imeandikwa katika vitabu vyao vya shule, kama mfano mwema kwa vijana, habari za bwana mmoja aliyefika langoni nyumba yake ikiungua nyuma yake. Alipoulizwa habari za nyumbani alijibu kwamba ni njema. Wanafunzi hukariri kisa hicho na kupewa alama.

Salamu zilipokwisha, mlinzi alichukua simu ya Raya, akaitia katika sanduku la chuma. "Utarudishiwa siku ya kuaga," alisema. "Humu ndani Jicho ni moja tu. Karibu sana. Kama kaka yako yuko juu ya maji, basi tunamwona."

Ndivyo ilivyokuwa, na mtu akitaka kuilaumu nchi ya Machoni asije akailaumu kwa kutoona. Zamani walikuwa na boti arobaini za uokoaji. Mwaka mmoja akasimama mwenye busara akauliza: boti isiyojua iendako ina faida gani? Wote wakakubali kwamba haina. Wakayeyusha boti moja, wakatengeneza bawa. Mwaka uliofuata wakayeyusha nyingine, wakatengeneza mkia. Ndivyo walivyopata ndege zisizo na rubani, ambazo wao huziita vipanga. Kipanga mmoja hukaa angani saa thelathini bila kutua, huenda maili elfu moja na kurudi, na kutoka juu ya mawingu huweza kusoma chapa ya kibiriti. Mwaka ulipofika ambao Wamachoni waliweza kuona kila kinachoelea hadi mwisho wa upeo, hawakuwa tena na chombo cha kukiendea.

Boti ya mwisho waliihifadhi. Imesimamishwa juu ya nguzo nne mbele ya Nyumba ya Jicho, hupakwa rangi nyekundu kila mwaka, na watoto wa shule hupangwa foleni waiguse. Chini imetobolewa tundu ili isijae maji ya mvua.

Raya aliipita bila kuitazama mara mbili, akaingia ndani.

Ndani mlikuwa na ukumbi usio na dirisha, wenye viti mia moja, na mbele ya kila kiti kioo kinachoonyesha bahari. Kulikuwa na kimya kile cha bwalo la chakula mwalimu wa zamu anapoingia. Karani alimwuliza sura ya kaka yake. Raya hakueleza sura. Alisema, "Ovaroli ya bluu. Mgongoni ina kiraka cha kitambaa cha pazia. Nilikishona mimi."

"Chenye maua?"

"Chenye maua."

"Kumi na moja," alisema karani kwa fahari. "Tumeyahesabu. Kipanga wa Saba. Nenda kiti cha Bwana Duru."

Bwana Duru alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu asiyezoea kuulizwa kitu. Raya alipofika hakugeuka, maana ilikuwa saa nne kasoro dakika moja. Kwenye kioo chake kulikuwa na maji, maji, maji tena, na katikati ya maji boti ndogo nyeupe. Ndani ya boti alikuwamo Shaame.

Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ndevu zimeota ovyo, lakini alikuwa hai, amekaa na dumu katikati ya miguu kama mtu anayelinda mzigo stesheni. Raya alikisogelea kioo. Hapo ndipo Shaame alipoinua uso, akaiona ndege, akasimama kwa kuyumba na kupunga mkono wake wa kulia. Alipunga kwa nguvu zake zote, mkono mzima, kutoka begani.

Bwana Duru alisogeza kigingi kidogo cha kuongozea ndege kwa upole mkubwa. Kule juu, Kipanga wa Saba aliinamisha bawa la kulia, kisha la kushoto. Watu wa viti vya jirani walipiga makofi ya heshima, wakarudi kwenye bahari zao.

"Leo ni siku ya nne tunasalimiana," Bwana Duru alisema, sasa akigeuka, macho yakimng'aa. "Kila siku saa nne. Hajakosa hata mara moja. Wewe ni nduguye? Hongera, dada. Mmelea."

"Anaomba msaada," alisema Raya.

Bwana Duru alicheka kidogo, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Anasalimia, dada. Imekwisha andikwa."

Raya aliomba aonyeshwe siku zilizopita, na Bwana Duru, aliyefurahi kupata mtu wa kuonyesha, alimrudishia kumbukumbu zote. Siku ya kwanza injini ilikufa na mkondo ukamchukua. Siku ya pili aliifungua injini yote, akapanga vyuma vyake kwenye ubao kwa utaratibu, akavirudisha, akaipiga teke. Siku ya tatu alichukua kasia lake moja, akaanza kulipiga, mara upande huu, mara upande ule, akielekea mawio bila kukata tamaa. Kipanga alipopanda juu zaidi, Raya aliona alichokuwa anakiendea bila kukiona: kisiwa cha mnara wa taa, maili sita mbele, kimefichwa na ukungu wa joto. Pale wanakaa walinzi wawili wenye redio na boti nzima.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Kipanga aliposhuka chini ya mawingu, Shaame aliiona ndege. Alisimama, akapunga. Ndege ikainamisha bawa la kulia, kisha la kushoto. Raya aliutazama uso wa kaka yake ukifunguka, ukawa uso wa mtoto aliyeitwa jina lake katika orodha ya waliofaulu. Kisha Shaame alikaa, akalilaza kasia chini taratibu, akaweka mikono magotini, akasubiri.

Hakuligusa tena kasia lile. Siku ya tano hakuligusa, siku ya sita hakuligusa. Mkondo ulimrudisha nyuma maili tatu.

Raya hakulia. Alisema, "Nataka kuonana na mkubwa wenu."

Mkubwa wao alikuwa Mheshimiwa Kodowe, Mtazamaji Mkuu, mzee mnene mwenye mikono laini. Salamu zake zilichukua saa moja. Ombi la Raya lilikuwa dogo: redio yenu inafika mnarani, waambieni walinzi waende maili tisa upande wa machweo, wamchukue mtu. Dakika mbili zatosha.

"Bibie," alisema Mheshimiwa Kodowe, "redio hutumika kwa vitu vilivyo katika faili la Taabu. Ndugu yako yuko katika faili la Salamu. Siku ya kwanza alipoinua mkono aliandikwa hapo, salamu yake ikajibiwa, jambo likafungwa. Siwezi kuchomoa mtu katika faili kama mwanafunzi anayechomoa mkate jikoni. Lakini Baraza la Majina linakaa kesho. Nitakuombea nafasi."

Raya hakungoja kesho. Alirudi langoni mbio, akaomba simu yake atoke aende mwenyewe. Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Kuaga ni siku tatu, binti," alisema. "Wewe ulidhani watu huondoka tu?" Kisha akafungua ukurasa mpya ili waanze, na kwa kuwa kuaga nako huanza kwa salamu, Raya aligeuza njia akarudi.

Kesho yake, siku ya nane, Baraza lilikaa. Wajumbe walikuwa kumi na watatu, nao walitazama picha ya Shaame kwa makini ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama nayo maishani mwake. Walivutiwa na kiraka. Mmoja aliuliza kama pazia lenyewe bado lipo.

"Mtu aliye taabuni hasalimii," alianza mjumbe wa kwanza. "Taabu ina sura yake. Hulia, hujipiga kifua, hushika kichwa. Huyu anapunga mkono kwa mpangilio, siku baada ya siku, saa ile ile."

"Anapunga saa ile ile kwa sababu ndege yenu inapita saa ile ile!" alisema Raya.

"Ndiyo adabu yenyewe, bibie. Anatungoja."

"Na kwa nini hajaja?" aliuliza mwingine. "Ana kasia. Mtu anayetaka kwenda, huenda. Huyu amekaa. Mimi naona amepumzika."

"Amekaa kwa sababu mlimwitikia! Amedhani mnakuja!"

Wajumbe walinong'onezana. Walikubaliana kwamba mtu kukufikiria vizuri hivyo ni sifa kwa taifa, wakaagiza iandikwe.

Ndipo akasimama mjumbe wa mwisho, bibi kizee mwenye miwani, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwaka uliopita. Alizungumza polepole. "Jamani. Nani kati yetu, akiulizwa hujambo, amewahi kujibu kwamba ana jambo? Marehemu mume wangu, siku ile, nilimwuliza kitandani: hujambo, bwana? Akaniambia sijambo, mke wangu. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda. Nimekuwa nikijiuliza. Labda kuna salamu nyingine ambazo siyo salamu."

Mheshimiwa Kodowe alipangusa jicho lake kwa leso. "Mjumbe ametugusa," alisema. "Tumpigie makofi." Wakampigia makofi marefu, wengine wamesimama, na makofi yalipokwisha ikalia kengele ya chai.

Uamuzi ulisomwa baada ya chai. Mtu aliye katika faili la Salamu anaweza kuhamishiwa faili la Taabu iwapo yeye mwenyewe ataacha kusalimia kwa muda wa siku tatu mfululizo.

Raya alimkuta Bwana Duru uani, chini ya boti nyekundu, anakula muhogo peke yake. Alikaa kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike Machoni hakusalimia, na Bwana Duru akashtuka, akatazama huku na huku kama wamevunja dirisha.

"Siku ya tatu alikuwa anapiga kasia," alisema Raya. "Umeiona picha mwenyewe. Ni wewe uliyemsimamisha."

Bwana Duru aliacha kutafuna. "Dada, nimekaa kwenye kiti kile miaka kumi na moja. Meli zinapita, hakuna anayetazama juu. Nyangumi hawana habari na mimi. Yule ndiye mtu wa kwanza kuniona. Mimi nilikuwa namjibu kwa moyo mmoja."

"Hakuoni wewe, Bwana Duru. Anaona boti inayokuja."

Juu yao, tundu la boti lilipitisha mwanga mdogo wa mviringo, ukamwangukia Bwana Duru gotini.

"Unataka nifanyeje?"

"Kesho akikupungia, usimwinamie. Nenda mnarani, urudi, uende tena. Kaka yangu ni fundi. Ukimwonyesha kitu mara mbili haulizi ya tatu."

"Nisipojibu salamu ni miezi sita."

"Najua."

"Na yeye ataniona sina adabu." Hili lilimtesa zaidi kuliko gereza, lilionekana usoni. Alikitazama kipande cha muhogo, akakirudisha kwenye karatasi. "Ana nguvu bado, unafikiri? Ya kupiga kasia?"

"Wakati wa njaa alibeba injini ya trekta na mwenzake mmoja. Ana kiburi. Kitamtosha."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Shaame alisimama. Mara hii ilimbidi ajishike ukingoni. Alipunga. Bwana Duru alikiacha kigingi kilivyo, na Kipanga wa Saba akapita juu ya boti akiwa amenyooka kama rula, akashika njia ya mawio.

Shaame alibaki mkono juu. Raya aliuona mkono ule ukishuka, na uso wa kaka yake ukiwa uso wa mtu aliyepitwa na jirani njiani. Bwana Duru alifumba macho. "Nisamehe, bwana," alimwambia kioo. Ndege ilikwenda, ikageuka, ikarudi juu ya boti, ikaenda tena njia ile ile. Shaame aliifuata kwa macho. Ilipokwenda mara ya tatu aliinama, akatafuta chini ya ubao, akalitoa kasia.

"Haya, kaka," alisema Raya. "Haya."

Alipiga kasia upande huu, akapiga upande ule. Kichwa cha boti kiligeuka taratibu, kikaelekea mawio. Maili tisa. Ilipofika saa sita zilibaki maili nane. Alikuwa akipumzika, akinywa funda moja, akipiga tena, na kila alipopotea kidogo Kipanga alipita juu yake na kumnyoosha. Ilipofika saa nane zilibaki sita. Raya alikuwa akihesabu mapigo kwa sauti na Bwana Duru alikuwa akihesabu naye, na viti vya jirani vilianza kugeuka.

Saa tisa aliingia Mheshimiwa Kodowe na askari wawili. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mtu amesalimia nchi ya Machoni na nchi ya Machoni imemgeuzia kisogo.

"Bwana Duru," alisema askari mkubwa, "umeka..."

"Hujambo, afande?" alisema Bwana Duru, bila kuondoa mkono kwenye kigingi.

Askari alisita. Sheria ilikuwa Sheria. "Sijambo. Umeka..."

"Umeshindaje? Wa nyumbani? Mama mkwe alikuwa na mguu."

"Unaendelea vizuri. Bwana Duru, uko chini ya..."

"Upi, wa kulia? Ulianzaje hasa? Nieleze tangu mwanzo."

Askari alieleza mguu. Kisha Bwana Duru aliuliza mbuzi, akauliza kuku mmoja mmoja, akauliza paa, akamgeukia askari mdogo na kuanza upya, na kwa kuwa askari mdogo alitoka katika ukoo mkubwa, aliulizwa wajomba tisa kwa majina. Mheshimiwa Kodowe alisimama pale, jasho likimtoka, hawezi kukatiza. Jambo kama hili halijawahi kufanywa Machoni, kuitumia adabu kwa kazi. Kwenye kioo kasia liliendelea kuzama na kuibuka. Tano. Nne na nusu. Mnara wenyewe sasa ulionekana ukingoni mwa picha, mweupe, mfupi kama kipande cha chaki. Maili moja au mbili zaidi, na Shaame angeuona kwa macho yake mwenyewe, asihitaji ndege ya mtu.

Lakini hata wajomba huisha. "Wote wazima," alisema askari mdogo. "Nasi tunakukamata."

Alipoondolewa kwenye kiti, Bwana Duru alimwambia Raya haraka, "Maili nne, dada!" Mtu mwingine akakaa mahali pake, kijana msafi mwenye kucha nadhifu. Mheshimiwa Kodowe alimwinamia sikioni. "Mwombe radhi," alisema. "Mara tatu. Taifa limeaibika."

"Msifanye hivyo," alisema Raya. "Nawasihi. Mwacheni alipofika. Msimsalimie tu. Mtukaneni!"

Kipanga wa Saba alishuka chini kuliko alivyowahi kushuka, akazunguka mbele ya boti, akainamisha bawa la kulia, kisha la kushoto. Akafanya hivyo mara tatu, kwa unyenyekevu mkubwa.

Shaame aliacha kupiga kasia. Alitazama juu kwa muda. Halafu alicheka; picha ilikuwa safi hata meno yalionekana, na pengo la upande, alilolipata kwa kuanguka mwembeni utotoni. Aliinua dole gumba. Akalilaza kasia kwenye ubao, akajilaza kando yake kama mtu aliyemaliza kazi, mkono chini ya kichwa.

"Kaka, usilale! Piga kasia! Shaame!"

Watu walimnyamazisha. Nchini Machoni ni utovu wa adabu kumpigia kelele mtu asiyeweza kukujibu.

Siku ya kumi, kabla ya saa nne, Shaame aliivua ovaroli yake. Ilimchukua muda mrefu. Aliifunga kwenye kasia kwa mikono yake, akalisimamisha kasia kwenye tundu la ubao, akalikazia kwa spana kifundi. Kisha akalala tena kwa ubavu, uso ukitazama mawio. Upepo ulikuwapo. Ulijaza mikono ya ovaroli, ukaiinua, ukaishusha, na maua kumi na moja ya mgongoni yakawa yanaonekana na kupotea. Saa nne ilipofika Kipanga alipita, akaona mkono unapunga, akainama.

Siku ya kumi na moja Shaame alikuwa amelala vile vile. Siku ya kumi na mbili vile vile. Ovaroli ilipunga, na Kipanga akaitikia. Raya alikwenda kwa Mheshimiwa Kodowe, akamwuliza kwa sauti iliyokwisha kama sasa faili linaweza kuhamishwa. Mheshimiwa aliitazama picha kwa makini, kwa masikitiko ya kweli. "Lakini, bibie," alisema, "bado anasalimia."

Siku hiyo Raya alianza kuaga. Aliaga siku tatu, bila kukosea neno. Siku ya mwisho walimruhusu kumwona Bwana Duru gerezani, maana mfungwa naye huagwa. Chumba chake kilikuwa kwenye mwamba, na ukutani kulikuwa na dirisha moja. Alikuwa amesimama mbele yake, amemgeuzia Raya mgongo.

"Dada," alisema, "sikujua ni kubwa hivi."

"Nini?"

"Bahari." Aliweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha. "Kwenye kioo ilikuwa inaenea yote."

Walikaa dakika tano bila salamu, wakiitazama, na askari wa mlangoni alijifanya haoni.

Raya alipofika nyumbani, mama yake alikuwa kibarazani, anasuka mkeka ule ule aliouanza siku Shaame alipoondoka. Hakuinuka. Aliutazama uso wa binti yake, akaelewa, akasuka ukili mmoja hadi mwisho wake kabla ya kuuliza.

"Hakuna hata mtu aliyemwona?"

"Alionekana, mama."

"Na nani?"

"Nchi nzima. Walikuwa wanamtazama kila siku."

Mama aliweka mkeka chini. "Aliwasalimia? Nilimfunza kusalimia."

"Aliwasalimia."

"Wakaitikia?"

Raya alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni mwa mlango, kimoja kando ya kingine. "Waliitikia, mama. Hawakukosa hata siku moja."

"Alhamdulillahi," alisema mama yake, na machozi sasa yakamshuka, mepesi, ya mtu aliyepunguziwa kitu. "Basi mwanangu hakuwa peke yake. Ni watu gani hao, Raya? Wakoje?"

"Ni watu wa adabu sana, mama," alisema Raya.